Mgongo wa Mama Mkwe

Tulimzika mama mkwe wangu huko Sigor, kwenye shamba ambalo mahindi ya upande mmoja yalikuwa yamekatwa ili magari yapate pa kusimama. Mchungaji alipofika kwenye zamu ya wakwe aliniita mimi, kwa kuwa ndimi mkwe mkubwa, na pia kwa kuwa watu wanajua nimeishi kwa kufundisha na mwalimu hakosi maneno. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Mama alikuwa mtu mzuri. Alitupatia mtoto wake. Kongoi, asante." Nikaketi. Wazee walitikisa vichwa wakaridhika, maana kwetu mkwe hapayuki juu ya mama mkwe, hata akiwa ndani ya jeneza. Mke wangu Chelangat hakuridhika. Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniuliza, "Sasa miaka yote hiyo, hayo ndiyo ulikuwa nayo?" Nikamwambia koo lilinikauka. Koo langu halikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa ni aibu, na wala si aibu ya mazishi. Niliipata nikiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka ule ambao yule mama alinisikia nikilia kabla hajawa mama mkwe wangu, na sijawahi kuiandika mpaka leo.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi iliyopakana na majani chai upande wa Mogogosiek. Mwalimu mkuu alinikabidhi kikundi cha ngoma ya kitamaduni cha tamasha la muziki kwa sababu moja tu, kwamba walimu wengine walikuwa ama wamezeeka ama wameokoka sana. Nilizijua nyimbo. Nilijua mahali pa kupiga mguu na mahali pa kuruka. Lakini ngoma yetu haichezwi kwa miguu peke yake, inachezwa kwa mabega na shingo, na watoto wangu walikuwa wamekauka kama nguzo za ua. Nilipiga kelele, nikabadilisha nyimbo, nikawabadilisha hata watoto. Wale wapya nao wakakauka ndani ya wiki. Siku moja alipita mwalimu mmoja mzee aliyekuwa akisaidia kuamua mashindano, akasimama kwenye ukingo wa uwanja akanitazama nikiwaonyesha hatua. Aliponiita kando alisema kwa upole ulioniuma zaidi ya tusi, "Mwalimu Ngetich, hawa watoto hawana shida. Wanaiga shingo yako."

Shingo yangu ilikuwa na habari zake. Mambo ya jando hayasemwi ovyo na mimi sitayasema hapa. Nitasema tu lile ambalo watu wote walilisema bila mimi, kwamba siku yangu ilipofika, mbele ya baba na wajomba, nilipepesa. Wengine walisema ni jicho, wengine shingo. Mjomba aliyesimama nyuma yangu aliapa kwamba hakuna kilichosogea. Mimi mwenyewe sijui mpaka leo, na huko kutojua ndiko kulikonimaliza, kwa sababu mtu anayejua kosa lake anaweza kulikana au kulikubali. Kwetu kijana aliyetikisika siku hiyo habebi aibu peke yake, anaitwika ukoo. Hakuna aliyewahi kuniambia usoni. Walinyamaza nilipoingia mahali, kisha wakaanza kuzungumza juu ya bei ya maziwa. Ndipo nikajifunza kukaa kama mtu anayepigwa picha. Nilikula bila kuinamisha kichwa. Nilisali nikitazama mbele. Kumbe watoto wa ngoma, ambao hakuna aliyewaambia lolote, walikuwa wameiona aibu yangu na kuicheza vizuri kabisa.

Mwalimu mkuu akanituma kwenye kozi. Ilifanyika kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa karibu na kiwanda cha chai, ukumbi wenye sakafu ya simenti nyekundu na viti vya plastiki vilivyorundikwa kwenye kona. Majani yalipokuwa yakikaushwa, harufu yake iliingia ndani mpaka kwenye sweta. Tulikuwa walimu wachache, kila mmoja ametumwa na shule yake, na kila mmoja amebeba viatu vya mazoezi akidhani atafundishwa hatua mpya. Madam Kemunto alitupokea akiwa na soksi tu miguuni. Alikuwa mwanamke mfupi wa Kisii ambaye wazazi wake walikuja zamani kuchuma chai kwenye mashamba makubwa na hawakurudi kwao. Alikuwa amefundisha ngoma chuoni miaka mingi mpaka alipoanguka jukwaani akaumia kiuno. Dawa zikashindwa, na mwishowe akapona kwa kujifunza upya, polepole, jinsi ya kugeuka kitandani, jinsi ya kuinuka, jinsi ya kupumua. Hayo ndiyo aliyokuja kutufundisha. "Leo hakuna kucheza," alisema akitugawia magunia yaliyofuliwa. "Leo mnalala chini. Mwalimu wa ngoma asipojua mwili yake iko wapi, anafundisha watoto kujificha." Bett, mwalimu kutoka Kiptere ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akauliza, "Madam, sasa nikilala halafu nikoroma, shule yangu itakuwa namba ngapi?" Tukacheka, nami nikacheka kwa kukaza shingo.

Tulikuwa tayari tumelala pale mlango ulipofunguliwa akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema anaitwa Mwalimu Tabitha, anafundisha nasari, nyumbani kwake ni Sigor ila anaishi kwenye nyumba za walimu huku majani chai. Niliinuka. Nilikuwa na msichana aliyeitwa Chelangat. Tulikuwa tumekubaliana, lakini wazee wangu walikuwa hawajaenda kwao, na kwa hiyo mbele ya watu hakukuwa na jambo lolote. Chelangat alikuwa ameniambia mama yake ni mwalimu wa nasari, mrefu kuliko baba yake. Mwalimu Tabitha alizunguka akisalimia kila mtu kwa mkono. Aliponifikia, Bett akasema, "Huyu ni Ngetich, wa upande huu huu." Ule mkono ulikuwa umeshaanza kunijia. Ukageuka hewani, ukaenda kurekebisha kitambaa kichwani. Mimi yangu yote miwili ilikuwa mgongoni. Hakuna aliyegundua. Kisha yeye akalichukua gunia lake akalitandika kwenye ukuta wa pili, mbali na mimi kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Basi nikajua kwamba anajua, na yeye akajua kwamba najua kwamba anajua. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hakai naye karibu, hamwiti jina, hata salamu hupita kwa mtu mwingine. Mimi sikuwa mkwe bado. Ila mtu anayeona mvua inakuja haanzi kuanika mahindi.

Mwaka mzima ungeweza kupita hivyo, yeye ukuta wake na mimi wangu, kama Madam Kemunto hangeamua kutupanga wawili wawili. Alitaka tuketi sakafuni, mgongo kwa mgongo, kila mmoja aegemee mwenzake kidogo kidogo mpaka asikie pumzi ya yule mwingine mbavuni. Alisema watoto wetu hawachezi pamoja kwa kuwa hawajasikiana, wanahesabu tu. Akatupanga kwa urefu, ili vichwa visigongane. "Mwalimu Ngetich, wewe na Mwalimu Tabitha ni warefu sawa. Kujeni hapa katikati." Nilimtazama Mwalimu Tabitha kwa mara ya kwanza na yeye akanitazama, na nikaona kwamba anangoja mimi niseme. Mimi nami nilikuwa nangoja aseme yeye. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, "Madam, huyu na mimi haiwezekani." Ila angeuliza kwa nini, na Bett angeuliza kwa nguvu zaidi, na kujibu kungekuwa kutangaza posa kabla ya wazee kuvaa makoti. Kijana anayejitangazia posa mwenyewe ni mpumbavu, na mama anayemtangazia binti yake ni kama anamtembeza sokoni. Tukaona haya kusema tunachoona haya kukifanya, kwa hiyo tukakifanya. Aliketi. Nikaketi. Kati ya mgongo wake na wangu palikuwa na nafasi ya kupitisha panya. "Karibianeni, mnaogopana nini?" akasema Madam Kemunto, akatusukuma mabega kwa viganja vyake viwili vidogo.

Sijawahi kuwa na haya kama zile. Jasho lilinitoka ilhali kulikuwa na baridi ya Mogogosiek na mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati mpaka Madam akawa anafundisha kwa ishara. Nilisikia uti wa mgongo wa mama ya msichana ninayempenda, mfupa kwa mfupa, kupitia sweta mbili. Nilijiambia kwamba si yeye, ni ukuta. Nilipofika nyumbani nilikunywa chai nikiwa nimesimama. Nilipomwona Chelangat sikumwambia, naye hakuniuliza, ijapokuwa nadhani mama yake alikuwa amemwambia kitu, kwa maana alinitazama kwa huruma akanimenyea kiazi kitamu kama mtoto. Nilitaka kuacha kozi. Lakini Jumatatu nilipowafundisha watoto, kijana mmoja wa mstari wa mbele alitikisa bega, kidogo tu, bila kuambiwa, na wa pembeni yake akaitikia. Nikasema nirudi Jumamosi moja zaidi. Nikarudi, na Mwalimu Tabitha naye alikuwa amerudi.

Alikuwa na sababu yake. Kabla ya kusomea ualimu alikuwa amechuma chai miaka mingi, kikapu mgongoni, na bega la kulia lilikuwa limekufa ganzi likagoma. Alimweleza Madam Kemunto mbele yetu wote, akicheka kidogo ili tusimhurumie. "Madam, mkono hii haiendi juu. Imekataa kapisa. Kwa ubao naandika chini, watoto wakubwa wananicheka, wanasema mwalimu anaandikia kuku." Madam hakumvuta ule mkono. Alimwambia alale chali, aufikirie tu ukiinuka, asiuinue. Halafu auinue kwa unene wa karatasi, aurudishe, apumzike, asikilize ni nini kinachokaza kusaidia pale ambapo hakijaombwa msaada. "Ona taya yako," alisema, "inabeba mkono. Iambie iende nyumbani." Tulifanya hivyo hivyo sote, kila mtu na mahali pake pagumu. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kulima. Nilikuwa nikimwona Mwalimu Tabitha kwa pembe ya jicho, kwa kuwa hata kumtazama ilikuwa vibaya, na nikaona ule mkono unapanda Jumamosi baada ya Jumamosi, kifuani, shingoni, mpaka siku moja ukagusa sikio. Alibaki ameushikilia pale kwenye sikio kama mtu anayepiga simu, macho yamejaa machozi.

Wakati wa chai tuliketi kwenye vile viti vya plastiki. Kila mtu alileta kitu. Mke wa Bett alipika mandazi makubwa ambayo yalikuwa na hewa ndani, Madam Kemunto alileta ndizi za kuchemsha, na Mwalimu Tabitha alileta themosi ya chai ya maziwa iliyopikwa na majani mengi hadi ikawa na rangi ya udongo. Mimi na yeye hatukuwahi kusemezana. Alisema na Bett. "Bett, ambia wale watu wa mwisho wanywe chai kabla haijapoa." Watu wa mwisho nilikuwa mimi peke yangu. Nami nikasema, "Bett, sema chai ni tamu." Bett alidhani tunamchezea. Siku nyingine nilimsikia akimnong'oneza Madam, "Hawa wawili wamekosana shamba ama nini?" Nikaona aibu kwa niaba ya Mwalimu Tabitha, mtu mzima, kudhaniwa mgomvi kwa sababu ya adabu yake.

Halafu ikafika ile Jumamosi. Tulikuwa tumekaa mgongo kwa mgongo kama kawaida, mimi na yeye, tumeshazoea nusu, na Madam Kemunto akasema leo kazi ni shingo. "Acha kichwa kianguke nyuma, kibebwe na bega ya mwenzako. Usikishike. Hakuna mtu anakiangalia." Nilijaribu. Kichwa kilishuka kidogo kikakwama. Nikajaribu tena. Alikuja akaweka kidole kimoja kwenye kisogo changu, hakusukuma, akauliza tu, "Hapa unangoja nini?" Sijui ni lile swali au kile kidole. Kichwa kikaanguka kwenye bega la Mwalimu Tabitha, na kitu kikaanza kutetemeka chini ya mbavu zangu, kikapanda kifuani, kikashika mikono, na sikuweza kukizuia hata kwa kukaza meno. Nililia. Si kwa machozi ya adabu yanayofutwa kwa kiganja. Nililia kwa sauti, kwa kwikwi, kinywa wazi, mbele ya walimu, mimi niliyesemwa kwamba nilipepesa. Katikati ya kulia akili yangu iliendelea kufanya hesabu: huyu ndiye mama yake Chelangat, ameyasikia yale maneno bila shaka, na sasa ana ushahidi mgongoni mwake. Nilingoja ajiondoe. Angejiondoa ningeanguka chali, na mambo yangekuwa yamekwisha hapo. Hakujiondoa. Alipumua kwa nguvu mara moja, kama mtu anayetwishwa gunia, kisha akaniegemea, akaongeza uzito wake kwenye wangu, akakaa hivyo mpaka nikanyamaza. Madam Kemunto alisema tu, "Vizuri. Mwili imeongea. Tupumzike." Kwenye chai nilikaa nje, chini ya mchirizi wa mabati, sikutaka kuonekana. Nilimsikia ndani akisema, "Bett, pelekea yule mtu chai. Na uweke sukari mingi."

Nilikuwa nimeaibika, na bado ni kweli kwamba nilirudi shuleni nikiwa na shingo nyingine. Sitaki kulikuza jambo lile. Sikupona kila kitu, na hata sasa nikisimama mbele ya watu wazima wa kwetu kisogo kinakaza. Lakini niliwatoa watoto darasani nikawalaza kwenye nyasi, nikawaambia wasikilize tumbo linavyoinuka. Mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio. "Ngetich, watoto wamekuwa nini?" Nikamwambia wanajifunza ngoma. "Wakiwa wamelala?" Nikasema ndiyo. Alisimama pale na kalamu sikioni akawatazama, akasema kama mzazi yeyote akipita tumekwisha, akarudi ndani. Walipoinuka niliwapigia wimbo bila kuwahesabia. Mabega yao yalikwenda, na shingo zikafuata. Kwenye tamasha hatukuwa wa kwanza, ila yule mwalimu mzee alikuja nyuma ya jukwaa akanishika shingo kwa mkono wake mkavu, kama mtu anayekagua ndama, akaenda zake.

Baada ya mavuno wazee wangu walikubali kwenda Sigor kwa koito, yaani siku ya posa, ambapo pande mbili huketi na kuulizana juu ya koo na juu ya ng'ombe, na mwenye neno la kuzuia ndoa hulisema. Mjomba wangu, yule aliyeapa, ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Tulikaa kwenye sebule iliyopakwa rangi ya kijani, vitambaa vya kufumwa juu ya kila kiti, kalenda za miaka iliyopita ukutani. Tulipewa mursik, maziwa yetu ya mgando, mjomba akaisifia mpaka nikaona aibu. Sikumwona mama ya Chelangat na haikutakiwa nimwone. Wanawake walikuwa jikoni, nyumba ya peke yake nyuma, na njia ya kwenda chooni ilipita kando ya ukuta wake. Nilikuwa nimekunywa maziwa mengi kwa ajili ya woga. Nikatoka. Niliporudi nikasikia mwiko ukigonga sufuria, na sauti ya senge, shangazi yake Chelangat, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Waliongea kwa lugha yetu, nami ninaandika nilivyoelewa.

"Huyu si ndiye yule aliyepepesa?"

Mwiko ukaacha kugonga. Mwanamke mwingine akasema, "Hayo ni maneno ya watu."

"Maneno ya watu ndiyo yatakayomfuata mtoto wetu mpaka kwa wajukuu," akasema senge. "Mimi nitaingia pale ndani niseme. Mtoto wa kaka yangu hapewi mwanaume anayetetemeka. Mama Chelangat, wewe umenyamaza. Unajua nini?"

Nilishika ukuta. Ningeweza kuondoka, na adabu ilinitaka niondoke, lakini miguu haikuondoka. Nilijua kwamba anajua. Yeye peke yake kati ya watu wote duniani hakuhitaji kusikia maneno ya watu. Angeweza kusema "anatetemeka" na asingekuwa amedanganya. Angeweza pia kusema "sijui", na senge angeingia sebuleni, na mjomba angelazimika kuapa tena, safari hii mbele ya wakwe.

"Mimi nilimwegemea," alisema Mwalimu Tabitha.

Senge akauliza, "Ulimwegemea namna gani?"

"Kwa mgongo. Kwenye ile kozi ya ngoma. Tuliwekwa pamoja tangu mwanzo wa mwaka. Nilimpa uzito wangu wote na hakuniangusha. Na siku alipolia, alilia akiwa amenibeba, na bado hakuniangusha. Ninyi mnasema alipepesa siku moja. Mimi nimekaa naye mwaka."

Halafu senge akasema, polepole, na ile sauti ya ng'ombe haikuwepo tena, "Ulimgusa mkwe?" Mtu mwingine akasema jina la Mungu. Nikasikia kiti kikisogezwa, kana kwamba mmoja wao amesogea mbali naye. "Wakati huo hakuwa mkwe," akasema Mwalimu Tabitha, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, sauti ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Mwanamke mzee kuliko wote, ambaye sikuwa nimemsikia mpaka hapo, ndiye aliyekata shauri. "Basi hilo litabaki hapa jikoni, na lile la kupepesa litabaki hapa pia. Lakini kozi yako imekwisha, mama. Kuanzia leo wewe ni mama mkwe." Mwiko ukaanza tena kugonga sufuria. Nilirudi sebuleni. Hakuna aliyeingia kusema neno. Tulikula kimyet, ugali wetu, na mboga za saget na nyama, wazee wakapatana ng'ombe, na mjomba alinipiga begani akasema naonekana mgonjwa.

Ikabaki jikoni kweli, kwa kuwa hata Chelangat hakuambiwa sehemu ile. Aliambiwa tu kwamba mama ameacha kozi kwa ajili ya kazi za nyumbani. Kozi ilikuwa bado na miezi mitatu. Madam Kemunto aliposikia kutoka kwa Bett kwamba nimeposa binti ya Mwalimu Tabitha, alijishika kichwa. "Kwetu pia iko hivyo hivyo! Sisi tunaita chinsoni, mama mkwe hata kivuli chake unazunguka. Mbona hamkuniambia siku ya kwanza? Ningewatenganisha, watu wangu, mngebaki kwenye kozi wote wawili." Alienda mara moja kwenye nyumba za walimu ili amwendelezee mazoezi ya mkono huko kwake. Akapewa chai, akazungumziwa hali ya hewa, na alipotaja bega akaambiwa bega linaendelea vizuri. Halikuwa likiendelea vizuri. Jambo linalohitaji kila Jumamosi haliendi kwa kuhadithiwa. Ule mkono uliokuwa umefika sikioni ulishuka mwaka ule ule, na kwa miaka yote ambayo nimekuwa mkwe wake nimemwona kanisani kwa mbali, kutoka upande wa wanaume, watu wakiinua mikono yote miwili, yeye akiinua mmoja. Mimi nikaenda chuo, nikapata cheti, nikawafundisha walimu na wacheza ngoma na wachumaji chai wenye mabega kama lake. Nimepewa shukrani za watu wengi. Kila shukrani nimeipokea nikitazama kando.

Watu wangeniambia halikuwa kosa langu, na desturi ndiyo iliyoamua. Desturi ilisema wawili hawawezi kukaa ukumbi mmoja. Haikusema ni nani atoke. Yule bibi jikoni ndiye aliyesema, na mimi nilikuwa nimesimama nje ya ukuta, nimesikia yote, na hakuna aliyejua kwamba nimesikia. Ningeweza kumwambia Bett amwambie kwamba naacha mimi. Njia ya kupeleka maneno tulikuwa nayo.

Jumamosi ya kwanza baada ya koito nilifika mapema. Gunia la Mwalimu Tabitha lilikuwa limekunjwa juu ya viti vya plastiki, na mahali pake kwenye ule ukuta palikuwa pana unyevu kidogo wa mvua iliyoingia chini ya mlango. Madam Kemunto akatuambia tusogee tujaze nafasi. Nilisogea. Hapakuwa na mtu tena ndani ya ukumbi ule aliyenijua kama yeye, wala wa kumwonea haya. Nililala chali, nikajinyoosha nilivyo mrefu, na nikafurahi kwamba hayupo.